Sauti Nyuma ya Mvua

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza imeanza saa nane mchana, na pamoja nayo wameingia wateja wapya watatu, wamelowa chapachapa. Gitaa lao ndilo lililokuwa kavu. Wamelifunga kwa plastiki tatu, wao wenyewe hawana hata kofia. Hapo nikajua ni wanamuziki kweli.

Daftari hili nimepewa na mwenye duka la nyaya. Nimeamua kuandika humo masika haya, maana nanusa yatakuwa na mambo. Mimi ni fundi sauti, mwaka wa ishirini na sita huu. Kwenye kazi wananiita Mama Sabuni, kwa kuwa sauti ikipita mikononi mwangu inatoka imeoshwa. Kwaya, maharusi, matangazo ya dawa ya mbu, wote nimewarekodi na wote wametoka hapa wanang'aa. Sijisifu, nasema yaliyopo.

Mpiga gitaa ni mwalimu wa hisabati. Mpiga dramu ni muuguzi wa wodi ya watoto, dada mwenye mabega kama ya mchukuzi. Mwimbaji ni mdogo wake, na huyo alipofungua kinywa tu nikamjua. Ndiye mtangazaji wa stendi ya mabasi! "Wasafiri wapendwa, basi la saa nne linajiandaa kuondoka." Mji mzima unaijua sauti hiyo, laini kama uji wa mgonjwa.

"Mnapiga muziki gani?" nikauliza.

"Metali nyeusi, roki ya giza na makelele," akasema Mwalimu.

"Nyeusi kama sufuria la nani?" ikaja sauti kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao. Huyo ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ni fundi cherehani, chumba chake kinapakana na studio, na Mungu amempa masikio mawili na midomo minne.

Mwalimu akanieleza. Albamu ya nyimbo sita, jina lake *Gharika*, mvua yenyewe ndiyo inayosema. Wanataka isikike chafu.

"Chafu vipi?"

"Kama imerekodiwa ndani ya debe, Mama. Na mwimbaji asikike kwa mbali."

"Mwanangu, mwimbaji akiwa mbali watu watasikia nini?"

"Watasikia kwamba yuko mbali."

Nimecheka mpaka nikafuta machozi. Nimewaambia waje wiki ijayo. Watauzoea usafi, kila mteja huuzoea.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Bati linavuja juu ya kinanda. Nimeweka ndoo.

Jumamosi, 9 Machi

Leo wamepiga kwa mara ya kwanza. Niandike nilichosikia kabla sijakizoea.

Gitaa halipigwi, linatetemeshwa. Mkono wa Mwalimu unakwenda juu na chini upesi hadi hauonekani, noti moja inarudiwa mara mia, na hizo mara mia zinaungana kuwa uzi mmoja mrefu wenye miiba. Muuguzi anapiga dramu kwa miguu yote miwili bila kupumzika, kama mtu anayetwanga huku nyumba inaungua. Hakuna besi ya kukushika mkono. Vyote viko juu, vyembamba, vya baridi. Nikasema moyoni, haya, hili ni bati na mvua, nalijua.

Kisha yule mtangazaji mpole akafungua kinywa.

Sijui niite nini. Si kuimba, si kulia, si kufoka. Ni pumzi yote ya mtu inayolazimishwa kupita kwenye tundu la ufunguo. Mishale ya mitambo yangu ilikimbilia upande mwekundu ikaganda huko huko. Mstari haujaisha, mlango ukafunguliwa, Wifi amesimama na mkasi mkononi.

"Nani anachinjwa humu?"

"Hakuna, wifi. Anaimba."

Akamtazama kijana kutoka juu hadi chini. "Wewe si yule wa stendi?"

"Ndiye mimi, Mama. Samahani kwa kelele."

"Basi nikisikia basi la saa nne limechelewa nitajua kwa nini," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumapili, 10 Machi

Niliweka maiki nane kwenye dramu. Mwalimu ameniomba, kwa adabu zote, niondoe sita. Gitaa nalo wamelipitisha kwenye amplifaya ndogo yenye spika iliyochanika, na mchaniko wenyewe Muuguzi ameubandika plasta ya kidonda. Mume wangu angekuwa hai angenitaliki.

Jumatano, 13 Machi

Kwaya ya wastaafu wa posta. Sauti safi kama maji ya mtungi. Nimepumzisha masikio.

Jumamosi, 16 Machi

Mtangazaji amekuja na dada yake tu, bila Mwalimu, wakakaa wote wawili kwenye kochi wakitazama zulia. Nikajua kuna neno.

Ana kinundu kwenye nyuzi za sauti. Daktari amepanga kumpasua tarehe mbili Mei. Baada ya hapo mwezi mzima asitoe hata "mh". Baada ya mwezi huo, Mungu akipenda, ataongea. Lakini ule ukelele wa nyimbo zao, daktari amesema, ausahau kabisa maisha yake yote.

"Mimi nilitaka aache leo leo," akasema Muuguzi. "Amekataa. Kwa hiyo tumekubaliana: kila wimbo mara moja, mbili zikizidi. Nikiinua fimbo ya dramu, basi, hata akiwa katikati ya neno."

"Nina hadi mwisho wa Aprili," akasema mdogo wake. "Nyimbo sita, Mama. Nikishazitoa hizo wakate wanapotaka kukata."

Alisema kwa sauti ile ile ya kutangazia mabasi, na nikaona aibu jinsi nilivyowacheka siku ya kwanza. Ana miaka ishirini na saba. Tangu ana kumi na tano amekuwa akienda nyuma ya kiwanda cha matofali kujifunza kupiga kelele peke yake, ili asiwatishe watu.

"Mwanangu," nikamwambia, "umefika kwa mtu wake. Ukipumua humu ndani, pumzi hiyo haipotei. Hilo niachie mimi."

Na ni kweli. Miaka ishirini na sita sijawahi kupoteza sauti ya mteja.

Jumamosi, 23 Machi

Wimbo wa kwanza umeingia. Wote watatu wamepiga kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, mara moja, bila kurudia. Muuguzi hakuinua fimbo.

Wameondoka, nikakaa kuuchanganya. Nilianza kwa sheria yangu: mwimbaji mbele, vyombo nyuma. Likatoka jambo la kuchekesha, mtu anakufokea kwenye foleni. Nikamsogeza nyuma kidogo. Nikamsogeza tena. Kila hatua niliyomrudisha alizidi kuwa mkubwa, sijui niseme vipi. Alipofika nyuma kabisa ya gitaa, pale ambapo mimi huwaficha wanakwaya wasiojua kuimba, nikasikia bonde zima, na upande wa pili wa bonde mtu anayeita bila kutegemea kuitikiwa. Nywele za mikono zimenisimama. Kumbe umbali ule ni kazi, na vijana hawa wanaijua.

Jambo moja tu tumebishana. Niliifuta mvua ya batini iliyoingia kwenye maiki. Mwalimu akasikiliza nusu dakika.

"Mama, mvua imekwenda wapi?"

"Nimeitoa."

"Tunaomba uirudishe. Ni mwimbaji wa pili huyo."

Nimeirudisha, lakini shingo upande. Mvua za watu nilianza kuzifuta Mwalimu akiwa bado anahesabu kwa vidole.

Jumapili, 24 Machi

Wimbo wa pili. Mara moja. Mvua kubwa.

Jumamosi, 30 Machi

Siku ya Wifi hii.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa tatu, mtangazaji anautoa ubeti wa pili, cherehani ikanyamaza ukutani. Kisha mlango. Safari hii hakuwa na mkasi, alikuwa ameinua vidole vya mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la pili.

"Simamisheni," akasema. "Mstari wa tatu una mizani tisa."

Tukatazamana. Kwa wiki tatu mimi, fundi sauti, sikuwa nimeng'amua hata neno moja ndani ya ukelele ule. Yeye, upande wa pili wa ukuta, akishona sare za shule, alikuwa amegundua kwamba ni utenzi. Mistari minne, mizani nane nane, vina vimekaa. Baba yao yeye na mume wangu alikuwa akitunga. Walilelewa kwa kuhesabu mizani mezani kabla ya kula.

Mwalimu akamwonyesha karatasi. Ubeti ulikuwa hivi:

*Sikuitwa nimekuja,*
*Mlango sikuungoja,*
*Ninamchukua mmoja,*
*Waliobaki walia.*

"Ni-na-m-chu-ku-a-m-mo-ja," Wifi akahesabu. "Tisa. Unanishonea suruali yenye miguu mitatu."

"Hiyo 'm' ya kwanza ni nyepesi, Mama. Inamezwa."

"Nani kakwambia? 'M' ikisimama peke yake mbele ya konsonanti ni mizani kamili. Mbona kwenye 'mmoja' umeihesabu? Mwalimu mzima wa hisabati!"

Muuguzi alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Mwalimu amejitetea mpaka akachoka. Mwishowe ameikata hiyo 'm', mstari ukawa *Ninachukua mmoja*, na mtangazaji alipourudia, sote tulisikia tofauti. Ule wa kwanza mvua ilikuwa inamjua inayemchukua. Huu wa pili haimjui wala haijali. Wifi naye alisikia. Alikaa kwenye kochi hadi wimbo ukaisha, mikono mapajani.

"Chafu," akasema akiinuka. "Lakini kazi ya mtu hii."

Wimbo huo tumelazimika kuupiga mara mbili kwa sababu yake, na Muuguzi hakufurahi.

Jumamosi, 6 Aprili

Umeme umekatika siku nzima. Hatukufanya kitu.

Jumapili, 14 Aprili

Wimbo wa nne jana, wa tano leo. Mtangazaji amenywa maji ya vuguvugu jagi zima. Stendi wamempa likizo. Basi la saa nne sasa analitangaza mtu mwingine mwenye sauti ya kinu cha kusaga, na abiria wanalalamika. Wifi amemshonea skafu ya shingoni, kisha akasema ni kitambaa kilichobaki tu, asijione.

Umebaki mmoja.

Jumamosi, 20 Aprili

Wimbo wa sita umeingia.

Ni mrefu, dakika kumi na moja, na ndio wa kuagia. Kwa huo peke yake waliniomba nifanye mambo tofauti: gitaa na dramu nizirekodi kwanza, kisha yeye asimame peke yake chumbani, taa imewashwa, mlango wazi, aitoe sauti yote aliyobaki nayo. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulikuwa tunazungumza kwa ishara. Muuguzi alisimama karibu yangu nyuma ya kioo, fimbo mkononi, haijainuka wala haijashuka.

Ubeti wa mwisho ni huu:

*Nimepita kwenu jana,*
*Leo hamtaniona,*
*Nimeacha moja jina,*
*Liitwe nitasikia.*

Alipofika *liitwe* sauti yake ilichanika katikati, ikawa mbili, moja ya juu na moja ya chini, zikaenda pamoja hadi pumzi ikakatika. Nimerekodi watu elfu kadhaa na hilo sijawahi kulisikia. Akatoka amefunika mdomo kwa skafu ya Wifi. Kulikuwa na damu kidogo. Muuguzi akamshika bega, akasema, "Umemaliza. Kuanzia sasa kimya," naye akaitikia kwa kichwa na akatii. Haongei tena hadi apasuliwe. Wifi amempa ubao mdogo wa mwanafunzi na chaki.

Aliandika neno la kwanza pale pale, akanielekezea mimi: *Ahsante.*

Jumatatu, 22 Aprili

Leo nimewaandalia vijana zawadi. Sauti ya wimbo wa sita ilikuwa imejaa mvua, mlango wazi, hata cherehani ya Wifi. Nyimbo tano nimeziacha chafu kama walivyotaka, lakini huu wa kuagia ni lazima kijana asikike mwenyewe. Nimeifundisha programu ya kusafisha: hii hapa ni kelele, iondoe yote. Nimeipa amri ioshe na ihifadhi papo hapo, nikaenda sokoni, nimerudi imemaliza. Kesho nitasikiliza nikiwa na kahawa. Watajua kwa nini naitwa Sabuni.

Jumanne, 23 Aprili

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nimejisifu mwenyewe, nikalitia maji mwenyewe.

Nimebonyeza kitufe, nikasikia kimya. Nikaongeza sauti. Ndani ya kimya kulikuwa na milio midogo midogo, kama panya anayejikwaa kwenye vyombo. Dakika kumi na moja za panya. Nikadhani nimefungua faili lingine. Nimezima kompyuta, nimewasha, nimeangalia waya, nimebadili spika. Panya.

Nikaelewa taratibu, na nilipoelewa nikakaa chini sakafuni. Programu inatafuta kitu kisicho na noti, kinachovuma kutoka chini hadi juu bila mpangilio. Mvua iko hivyo. Na ukelele wa kijana yule uko hivyo hivyo, ndiyo maana umefanana na mvua, ndiyo maana wameutafuta miaka yote hiyo! Nimeiambia mashine iondoe kelele, mashine ikamhesabu yeye kuwa kelele. Ikamfuta kwa bidii niliyoifundisha mimi.

Na nimehifadhi juu ya ile ya asili. Sina nakala. Nakala ni za wasiojiamini, hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia mafundi wadogo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimemweleza Wifi kupitia ukutani kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

"Nani mwingine amwambie?" akasema. "Wewe ndiye uliyemwahidi. Ni kinywa chako."

Jumatano, 24 Aprili

Nimekwenda kwao mwenyewe, kwa miguu, mvua ikininyeshea, sikuchukua mwavuli. Sebuleni walikuwa wote watatu. Nimesimama, nimesema yote, sikujitetea. Nilisema: "Nilikuahidi pumzi yako haitapotea, nami ndiye niliyeipoteza. Wimbo wa sita haupo."

Mwalimu amefunika uso kwa mikono. Mtangazaji akachukua chaki akaandika: *Nitarudia.*

"Hurudii!" Muuguzi amepiga meza, vikombe vikaruka. "Ukirudia utatoka damu ya kweli, si ya skafu. Nimeona koo za watu mimi! Hata ukitaka kuongea na watoto wako siku moja hutaweza."

Akafuta, akaandika: *Sina watoto. Nina nyimbo tano.*

"Sipigi dramu."

*Dramu zimesharekodiwa.*

Dada mtu akalia. Sijawahi kumwona mtu mwenye mabega yale akilia, na ni mimi niliyesababisha. Nikamwambia kijana kwamba mlango wa studio yangu umefungwa kwake hadi tarehe mbili Mei, na akija nitakaa mbele ya mlango kwa kiti. Aliandika neno moja ambalo silirudii hapa, nalo nililistahili.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Nimefuta kazi ya harusi. Siwezi kusikiliza watu wenye furaha.

Jumamosi, 27 Aprili

Sikiliza, daftari.

Asubuhi Wifi ameingia na chai, akaketi mbele ya kompyuta yangu, jambo asilolifanya kamwe.

"Nikipunguza suruali," akasema, "kile ninachokikata kinaangukia chini. Hiki chako kinaangukia wapi?"

"Hakiangukii popote, wifi. Ni kompyuta."

"Umeangalia?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Kisha nikakumbuka kwamba programu hii ina tabia moja ya kiungwana. Kila inachokiondoa inakiweka kwenye faili la pembeni, ili fundi akague isije ikawa imechukua kilicho chema. Fundi mwenye akili hulisikiliza kila mara. Mimi sijawahi kulifungua hata siku moja, kwani uchafu una nini cha kunionyesha? Faili lenyewe linaitwa *mabaki*.

Limo. Dakika kumi na moja.

Najua hesabu yake: nikijumlisha mabaki na wale panya, napata ile ya asili kamili, bila upungufu. Mkono wangu ulikuwa tayari kujumlisha. Lakini kwanza nikasikiliza mabaki yenyewe, peke yake, na mkono ukabaki hewani.

Mvua inaanza. Si mvua ya nje ya dirisha, ni mvua iliyomeza nyumba. Ndani yake kuna cherehani, mbali, inakwenda na kusimama. Kuna mbao za sakafu. Halafu kutoka ndani kabisa ya mvua anatoka yeye, hana kinywa, hana koo, ule mwanzo mkali wa kila neno umebaki kwa panya. Kimebaki kile kinachovuma tu. Huwezi kusema hapa ndipo mvua inapoishia na yeye anapoanzia. Alipofika *liitwe* sauti zile mbili zikapanda kutoka kwenye bati la dari langu. Miezi miwili wananieleza wanachokitaka, na mimi miezi miwili nawajibu ndiyo, ndiyo, bila kukisikia. Mashine imekifanya kwa kosa langu.

Nimelia. Wifi pia, ila yeye amesema ni mvuke wa chai.

Nimeweka nakala saba. Moja iko kwenye kopo la unga.

Jumapili, 28 Aprili

Wamekuja. Kijana aliingia bila kunitazama, Muuguzi alikaa karibu na mlango, tayari kumzuia asifike kwenye maiki. Sikutoa hotuba. Niliweka mabaki juu ya gitaa na dramu, nikabonyeza, nikatoka nje nikasimama chini ya mchirizi wa paa kama mwanafunzi aliyefukuzwa.

Dakika kumi na moja ni ndefu sana ukiwa chini ya mchirizi.

Mwalimu ndiye aliyetoka kwanza. "Mama," akasema, "umefanyaje hii?"

"Nimekosea."

"Unaweza kukosea tena hivyo hivyo?"

Nilimweleza pia kwamba ile ya asili ninaweza kuirudisha yote, wachague wenyewe. Walishauriana, wawili kwa midomo na mmoja kwa chaki. Wamechagua mabaki. Na jina la albamu limebadilika, si *Gharika* tena, ni *Mabaki*. Muuguzi amenikumbatia, mbavu bado zinauma. Kijana alikuja mwisho. Alisimama mbele yangu na ubao wake, akaandika, akafuta, akaandika, akafuta. Mwishowe akaninyooshea chaki yenyewe, na nilipoipokea mkono wake ukabaki umenishika.

Alhamisi, 2 Mei

Amepasuliwa asubuhi. Muuguzi amesema daktari alitabasamu, basi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemaliza kuchanganya nyimbo zote. Mwimbaji yuko nyuma, mvua iko pale ilipo, gitaa ni jembamba kama waya. Fundi mwenzangu mmoja amesikiliza, akaniuliza kama ninaumwa masikio. Nimemwambia yanaanza kupona.

Mvua zinapungua. Leo nimeondoa ndoo juu ya kinanda.

Jumamosi, 18 Mei

Kopi za kwanza zimefika. Wifi amedai jina lake liandikwe, nasi tumeliandika: "Mizani: Fundi Cherehani wa Jirani." Anaionyesha kwa kila anayekuja kupimwa sare, akitaka asitake.

Jumapili, 26 Mei

Jua siku nzima. Kijana hajatoa hata "mh". Hakuna anayejua kilichobaki kooni mwake, daktari mwenyewe hajui. Huwa anakuja, anakaa kwenye kochi, anasikiliza wimbo wa sita, anaondoka.

Jumamosi, 1 Juni

Daktari amemruhusu kuanzia leo. Maneno machache, asinong'one, asipaze.

Tulikubaliana saa nne. Nilimwandalia kiti, maji ya vuguvugu, na maiki yangu bora kuliko zote, maana nilitaka neno la kwanza nilipate likiwa bichi, lisioshwe na mtu. Saa tatu na nusu nilikuwa bado nafungua nyaya niliposikia mlango wa upande wa pili. Hakuja kwangu. Aliingia kwa Wifi.

Cherehani ilikuwa inakwenda.

"Shikamoo, Mama."

Cherehani ikasimama. Sauti ilikuwa ya chini, imekwaruzika pembeni, ya mtu aliyeamka sasa hivi. Si ya stendi. Si ya albamu. Ni ya tatu, hata mwenyewe nadhani ilimshtua, maana nilisikia akivuta pumzi. Lakini ilikuwa sauti, na ilikuwa nzima.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Wifi. Kisha akasema, "Rudia, sikusikia vizuri."

Mwongo. Yule husikia sindano ikianguka zuliani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hebu tena."

Maiki yangu ilikuwa mkononi, haijaunganishwa na chochote. Nilikuwa nimeuegemea ukuta wa mbao, shavu langu limelowa.

"Shikamoo," akasema mara ya tatu, na safari hii nikaitikia mimi, kutoka upande wangu.